Usama bin Munqidh na Mbwa wa Nyumbani Kwao

Mpwa wangu mmoja, mtoto wa dada yangu, yuko Uingereza kwa kazi, huu ni mwaka wa kumi na moja. Mwezi uliopita aliniletea barua iliyonikosesha usingizi. Jirani yake, bibi mmoja mkongwe wa Kiingereza, alikuwa amehamishiwa katika nyumba ya kutunzia wazee, na nyuma yake akaacha mbwa. Huyu si mbwa wa kubweka mlangoni. Ni mbwa mwembamba wa mbio, wa aina iitwayo grehaundi, aliyekimbizwa katika viwanja vya kamari hata miguu ikachoka, kisha akatupwa, kisha akaokotwa na bibi yule. Binti wa mpwa wangu, mwenye umri wa miaka tisa, ndiye aliyekuwa akimpelekea maji. Siku bibi alipoondoka, mtoto alimshika mbwa kamba, akaja naye kwao, akasimama naye uani, akalia.

Mpwa wangu alimpigia simu mama mkwe wake Mombasa, na jibu likaja bila ya kusita: nyumba ya sala na mbwa haviwi pamoja, atolewe usiku ule ule. Mke akasema vivyo hivyo. Mtoto akakataa kula. Ndipo mpwa wangu alipomkumbuka mjomba wake, akaniuliza afanyeje.

Wasomaji wangu mwanijua. Mimi si mufti, na wala sitaki kuvaa kilemba kisichokuwa changu. Nilimjibu kwamba habari ya hukumu akamuulize sheikh wa msikiti wake huko huko, kwani aliye karibu na jambo ndiye alionaye. Lakini niliongeza kurasa sita za hadithi ya mtu mmoja, Mwislamu mtoto wa Waislamu, aliyelelewa katika nyumba iliyojaa misahafu na mbwa wa kuwindia kwa pamoja. Leo napenda nanyi mumjue mtu huyo.

Kabla sijaingia katika maisha yake, sharti nikiri kosa langu. Sisi watu wa pwani ni wafuasi wa Imamu Shafii, na tangu tukiwa chuoni tumefundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hayo tuliyashika barabara. Lakini sisi watoto tuliongeza yetu. Tulipomwona mbwa ufukweni tulimpopoa kwa mawe, tukidhani kwamba twafanya ibada. Siku moja nilimpiga jike aliyekuwa akinyonyesha, jiwe likampata mguuni. Mwalimu wangu wa chuoni, Mungu amrehemu, aliniona. Hakunichapa. Alinikalisha akanisomea habari ya vijana wa pangoni na mbwa wao aliyelala kizingitini, kisha akanihadithia yule mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mola akamsamehe dhambi zake. Akaniuliza ni aya ipi iliyonituma kurusha jiwe. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Basi turudi kwa mtu wetu. Jina lake ni Usama bin Murshid, wa ukoo wa Banu Munqidh, aliyezaliwa tarehe 4 Julai 1095 katika ngome ya Shayzar, nchi ya Sham. Ngome hiyo yasimama juu ya jabali, na chini yake wapita mto Asi, si mbali na mji wa Hama. Babu yake ndiye aliyeitia mkononi mwaka 1081. Miaka minne tu baada ya Usama kuzaliwa, Wafaranji wa vita vya msalaba waliiteka Kudsi, na hivyo akakua katika nchi ambayo kila msimu ulikuwa na vita vyake. Alipigana tangu ujana wake, akaua simba kwa mkuki, akatunga mashairi, akahifadhi Kurani.

Baba yake Murshid alikuwa mtu wa ajabu. Mwaka 1098 utawala wa ngome ulimfikia mkononi, naye akaukataa, akampa nduguye mdogo Sultan, kwa kuwa hakutaka kuingia katika mambo ya dunia yatakayomzuia kutoka humo kama alivyoingia. Akabakiwa na shughuli tatu: kupigana na Wafaranji, kuwinda mchana, na kunakili Kurani usiku kwa mkono wake. Alipokufa mwaka 1137, mwili wake ulikuwa na makovu ya vita tele, naye alifia kitandani, na nyuma yake aliacha misahafu zaidi ya 40 aliyoiandika mwenyewe.

Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa mpenzi mkubwa wa mbwa wa kuwindia. Alikuwa na saluki, mbwa wembamba wa Kiarabu, wenye kifua kikubwa na kiuno cha nyigu, wawindao kwa jicho na si kwa pua. Ukimwona saluki na ukimwona yule mbwa wa mbio wa Kiingereza, utaona kwamba umbo ni moja na mwendo ni mmoja. Alikuwa pia na mbwa wengine wa kutimua ndege vichakani, walioletwa kutoka nchi ya Warumi wa Konstantinopoli, wakazaana pale Shayzar hata wakawa wengi. Tena alikuwa na kozi na vipanga wa kila namna, na maduma wa kuwindia paa.

Shayzar ilikuwa na mawindo mawili. Moja lilikuwa mlimani kusini, la kwale na sungura. La pili lilikuwa matetini, kando ya mto, la ndege wa majini na paa. Murshid akitoka huenda na wapanda farasi kiasi cha 40, na wanawe wanne pamoja naye. Wakisha kupita lango la mji aliwaamuru wanawe watawanyike, na kila mmoja asome sehemu yake ya Kurani kwa moyo mpaka wafike mawindoni. Hebu fikirini, wasomaji wangu, sura ya alfajiri hiyo: farasi waenda taratibu, watunza mbwa watembea kwa miguu na saluki kambani, kozi wamefunikwa macho, na huku na huku zasikika sauti za vijana wakisoma maneno ya Mola wao. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba mambo hayo mawili yagombana. Walijua Sura ya Maida, ambayo imehalalisha kilichokamatwa na mnyama aliyefundishwa, likiisha kutajwa jina la Mungu. Mbwa alikuwa na kazi yake na mahali pake katika sheria, na kwa hiyo alikuwa na mahali pake katika maisha.

Katika nyumba hiyo wanyama hawakuwa vyombo vya kutumiwa tu. Murshid alikuwa na duma jike aliyepewa kijakazi wa kumtumikia. Katika ua wa nyumba alitandikiwa godoro la mahameli, chini yake majani makavu, na ukutani palikuwa na pete ya chuma ya kumfungia. Akirudi mawindoni mtunzaji wake humleta mpaka mlangoni akamwacha, naye huingia peke yake akaenda kulala mahali pake. Ua huo huo ulikuwa na paa wapatao 20, wakirukaruka mbele yake, wakubwa kwa wadogo. Yeye, ambaye saa moja nyuma alikuwa akiwaua paa wa porini, hakuwageukia hata kwa jicho. Kijakazi alimchana manyoya kwa kitana. Siku moja duma alikojoa kwenye godoro lake, na kijakazi yule akamtikisa na kumpiga kofi, wala hakunguruma. Kila mmoja alijua mpaka wake. Nyumba yenye mipaka inayojulikana ni nyumba ya amani, kwa mnyama na kwa mtu.

Na saluki je? Usama asimulia kwamba alikuwapo mmoja ambaye watumishi walipokaa usiku kucheza sataranji, walimwita, wakamtua taa kichwani. Alikaa hivyo kimya, hatikisiki, huku wao wakihesabu askari na ngome zao kwa mwanga wake, hata macho yake yakawa yatoka tongo kwa moshi. Murshid aliwakasirikia, akawaambia kwamba wampofua mbwa wa watu, lakini wao hawakuacha. Nisomapo habari hii husita hapa. Mbwa mwenye nguvu ya kumfikia paa mbioni, usiku akubali kuwa kinara cha taa kwa kuwa tu ameombwa na watu awapendao! Na yule mwenye kunakili misahafu akiinua kichwa kutoka kwa kalamu yake kutetea macho ya mbwa. Basi najiuliza, ni nani katika chumba kile aliyekuwa ameelewa zaidi alichokuwa akikisoma?

Kuna hadithi nyingine za mbwa hao. Siku moja kwale alikimbilia katika kichaka kinene cha miba mlimani, na mbwa mmoja wa kutimua ndege akaingia kumfuata. Akakawia. Ikasikika vurumai ndani, na Murshid akasema kwamba humo mna mnyama mkali na mbwa wao amekwisha uawa. Baada ya muda mrefu mbwa alitoka kinyumenyume, akimburura mbweha kwa mguu. Siku nyingine mbwa mdogo, kitoto kisichojua mawindo, kiliwafuata wakubwa mpaka ukingoni mwa mto. Ndege aliporuka kutoka kichakani, kile kitoto nacho kikaruka nyuma yake kutoka juu ya ukingo, kikatumbukia katikati ya maji. Hakuna aliyekifundisha. Damu yake ndiyo iliyomwambia kwamba kazi yake duniani ni kufuata.

Heshima hiyo haikuwa ya Shayzar peke yake. Murshid alikuwa na kozi aitwaye Yahshur, aliyekaa naye miaka 13 akawa kama mtu wa nyumbani. Mtawala wa Hama, rafiki wa ukoo, alikuwa akimwazima kwa mawindo, na huko Hama ndiko alikozikwa. Siku ile Banu Munqidh walikuwapo mjini. Asubuhi waliona wasomaji wa Kurani na umati wa watu wakifuata jeneza, wakaambiwa kwamba mtoto wa mtawala amekufa. Walipotaka kwenda kuzika, mtawala aliwazuia. Baadaye ndipo alipowafunulia kwamba aliyezikwa ni Yahshur, na kwamba alistahiki. Wenye elimu watasema hapo mtu amepita mpaka, nami sibishani nao. Lakini ni hali ya mtu aliyeona aibu kumtupa jaani aliyemtumikia maisha yake yote.

Sasa sikilizeni jinsi dunia ilivyomgeukia Usama mwenyewe. Ami yake Sultan alikaa muda mrefu bila ya mtoto wa kiume, akampenda Usama kama mwanawe. Alipopata wanawe mwenyewe moyo ukabadilika. Usama aliporudi siku moja na kichwa cha simba aliyemuua, bibi yake mzaa baba alimwonya kwamba ushujaa kama huo utazidi kumtenga na ami yake. Ikawa kama alivyosema. Mwaka 1138, mwaka mmoja baada ya kifo cha Murshid, Usama alilazimika kuihama Shayzar. Alikwenda Dameski, na mwaka 1144 akaenda Misri, akakaa miaka kumi katika fitina za majumba ya watawala wa Kifatimi, na zingine ziliuchafua mkono wake mwenyewe. Mwaka 1154 alirudi Dameski kwa Nuruddin. Jamaa zake walifuata kwa bahari, na mfalme wa Wafaranji alikuwa amewaahidi amani. Lakini chombo chao kilivunjwa karibu na Akka na mali ikachukuliwa yote. Watu walisalimika. Vitabu 4,000 vilipotea, na Usama alisema kwamba huo ulikuwa msiba wa moyoni mwake muda wa uhai wake.

Haukuwa wa mwisho. Mwezi Agosti 1157 ulitokea mtetemeko mkubwa wa ardhi katika nchi ya Sham. Ukoo wa Banu Munqidh ulikuwa umekusanyika ngomeni Shayzar kwa karamu ya tohara. Jabali lilitikisika, ngome ikawaangukia, na wote waliokuwamo wakafa, isipokuwa mke wa mtawala aliyefukuliwa mzima kutoka katika vifusi. Ami yake alikuwa amekwisha fariki zamani, na waliouawa ni wale walioirithi ngome. Wale waliomfukuza, na pamoja nao wale aliowapenda tangu utotoni, wakawa chini ya mawe mamoja. Yeye aliponea ugenini.

Mwaka 1164 alijitenga Hisn Kayfa, kando ya mto Hidekeli, akakaa huko miaka kumi akisoma na kuandika. Alikuwa amezeeka. Mkono uliovunja mikuki sasa ulitetemeka ukishika kalamu. Hakuna mfalme aliyekuwa na haja naye tena. Ndivyo ilivyo desturi ya dunia: shujaa mbio zikimwisha, huachwa pembeni. Lakini mwaka 1174 Salahuddin Ayubi, aliyekuwa akimpenda Murhaf mwana wa Usama, alimwita mzee yule Dameski, akampa nyumba na riziki na kiti katika baraza yake. Baadaye mapenzi hayo yalipoa kidogo, lakini mzee hakufukuzwa tena. Alifariki Dameski mwezi wa Ramadhani mwaka 584 wa Hijra, yaani Novemba 1188, naye amekwisha pita miaka tisini, akazikwa katika mlima Kasiyun.

Alipokuwa akikaribia miaka tisini alitunga kitabu cha maisha yake, Kitab al-Itibar. Nakala yake moja tu ndiyo iliyosalia, tena kurasa zake za mwanzo zimepotea. Mwanachuoni wa Kifaransa Hartwig Derenbourg aliikuta mwaka 1880 katika maktaba ya Escorial, Hispania. Na sehemu ya mwisho ya kitabu hicho, baada ya vita na wafalme, ni habari za mawindo ya baba yake.

Hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha. Mtu huyu alipoteza baba, mji, ukoo na vitabu 4,000. Lakini miaka sabini baadaye bado alimwona yule mbwa mdogo akiruka mtoni, na yule saluki aliyebeba taa, na baba yake akigombeza watumishi. Yale tunayowatendea wanyama mbele ya watoto wetu hayapotei. Yatakuwa ndiyo picha waliyonayo ya baba na mama yao, siku ambayo nyumba imekwisha anguka.

Siku hizi mbwa wa mbio wanaoachwa ni wengi. Uwanja wa Macau ulipofungwa mwaka 2018, mbwa zaidi ya 500 walibaki bila ya mwenyewe, mpaka wakatafutiwa nyumba. Jimbo la Florida, Marekani, lilipiga kura mwaka huo huo kukomesha mbio hizo, na zikakoma mwisho wa mwaka 2020. Katika nchi nyingi watu wa kawaida wamejitolea kuwapokea mbwa hao, na hao husema kwamba ni mnyama mpole mno. Kwa kuwa amelelewa bandani hajui ngazi wala mlango wa kioo, huona baridi upesi maana hana mafuta mwilini, na ijapokuwa aweza kukimbia kilomita zaidi ya 60 kwa saa, sehemu kubwa ya mchana hulala.

Kwa mpwa wangu niliandika hivi kwa ufupi. Sheria ya tohara ishike yote, usipunguze hata udongo. Mahali pa sala na mahali pa kulia pasiingiwe na mbwa. Lakini aliyekimbizwa mpaka akachoka ili watu wapate fedha ana haki kwa binadamu, na mtoto wako ndiye wa kwanza katika nyumba yako kuiona haki hiyo. Usimpe jiwe nililolirusha mimi.

Jibu limefika juzi. Sheikh wa msikiti wao aliwasikiliza kwa upole, akawaambia wasimtupe, wamweke nje ya vyumba, na wakimtafuta mtu wa kumpokea wahakikishe ni mtu mwema. Kwa hivyo mbwa yuko katika kibanda cha uani, kimezibwa upepo, na mama wa watoto, yule yule aliyesema atolewe, amemkatia blanketi kuukuu akamshonea koti la baridi. Sahani yake yajulikana, ina alama nyekundu. Mtu wa kumpokea bado hajapatikana, na kwa jinsi barua ilivyoandikwa, sidhani kwamba watafutaji wana haraka.